CCNA, MTCNA, Network+ au Huawei: ukiwa Arusha au Moshi uanze na kipi?

Kila mwaka vijana wakimaliza pale IAA Njiro, Chuo cha Ufundi Arusha, au kule Moshi MoCU, swali linakuwa lile lile, nataka kuingia kwenye netiweki nisomee cheti gani kwanza. Na majibu wanayopata mengi yanatoka kwa Wamarekani wa YouTube, jamaa anakwambia anza na A+ ya misingi ya kompyuta, ukitoka hapo Network+, halafu Security+ ya usalama, vyote vya CompTIA, yaani vyeti vitatu mitihani minne maana A+ peke yake ina mitihani miwili, bila hata kukuuliza we unakaa wapi na hela unatoa wapi. Ukijumlisha bei za kule ni zaidi ya milioni tatu za Kitanzania. Kwa mtu wa Texas sawa, mwajiri wake anavijua hivyo vyeti na pengine anamlipia. Chalii wa Ngaramtoni hiyo hela itaisha kabla hajashika rauta hata moja.

Mi naanzia upande mwingine. Kabla hujauliza cheti gani, chungulia kabati la vifaa la huyo unayetaka akulipe, kuna nini mle ndani? Cheti kinachofanana na kile kilichopo kwenye kabati ndo kitakupa hela haraka. Vingine vinakuja baadaye.

Sasa zunguka kidogo huku kwetu. Hoteli za mjini, loji za Karatu na kule hifadhini, maofisi ya safari, shule za bweni, mashamba ya maua ya Usa River, gesti za Moshi zinazopokea wapanda mlima. Sehemu nyingi za namna hii utakuta rauta ya MikroTik, aksesi pointi za Ubiquiti au TP-Link, na swichi ambayo hata anayeitumia hajui jina lake. Sio kwamba Cisco mbaya, ni bei bana, plus hawa watoa huduma wadogo wa intaneti wanaorusha laini kwa redio kutoka mnara mpaka paa la mteja wengi wao ndo vifaa walivyozoea. Cisco utaikuta kwa wenye bajeti, mabenki, mashirika ya kimataifa, taasisi kubwa, na Arusha hatujakosa hao, makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yapo hapa hapa. Huawei tafuta kwenye kampuni za simu na wanaofanya kazi zao za minara na faiba. Network+ haina kabati lake, haifundishi kifaa cha kampuni yoyote, na hiyo ndo sifa yake na ndo tatizo lake kwetu.

Tuvipitie kimoja kimoja alafu tuviweke pamoja.

MTCNA

Hiki ni cheti cha kwanza cha MikroTik, kampuni ya Latvia, makao yao Riga, ipo tangu 1996. Kitu cha kwanza ujue ni kwamba huwezi kulipia mtihani tu ukaenda kuufanya kama CCNA ya Cisco. Lazima usome kozi na mkufunzi anayetambuliwa na MikroTik wenyewe, kozi yenyewe ni ya siku chache, na mtihani unafanyika mwishoni mwa kozi kwenye tovuti yao. Maswali 25, saa moja, pasi ni asilimia 60. Ukipata kati ya 50 na 59 unapewa nafasi ya pili. Unaruhusiwa kuangalia notisi na rauta yako, usichoruhusiwa ni kusaidiwa na mtu. Watu wakisikia hivo wanadharau, "ah kumbe mtihani wa kufungua daftari", lakini saa moja kwa maswali 25 ukianza kutafuta kila jibu kwenye notisi hutoboi.

Kwa sababu ya hilo la mkufunzi, bei haiko sawa, kila mkufunzi na bei yake, wengine wanakupa na karauta kadogo ka kuondoka nako nyumbani. Uliza mambo mawili kabla ya kutoa hela: je mtihani umo ndani ya bei, na je jina la huyo mkufunzi lipo kwenye orodha ya wakufunzi kwenye tovuti ya MikroTik. Kama halipo, atakuwa anakufundisha vizuri labda, ila cheti hutokiona.

Unachojifunza ni kazi za mtaani moja kwa moja: kuigawa intaneti kwa wateja, kubana spidi kwa kila chumba ili mmoja asimalize laini yote, DHCP (kugawia vifaa anwani), faiawali (kuzuia wasiotakiwa), bridji (kuunganisha bandari ziwe mtandao mmoja), rauti za kawaida, waifai, PPPoE (mteja kuingia kwa jina na nywila), VPN za mwanzo mwanzo, na vyombo vya kutafutia tatizo kama Torch. Mtu akitoka pale kesho yake anaweza kwenda kwenye loji akafungua Winbox, programu ya kuendeshea rauta za MikroTik, akafanya kitu kinachoonekana, na mwenye loji anataka hicho.

Ubaya wake, mtu anaweza kupata MTCNA huku hajui netiweki. Anajua pa kubonyeza. Mwaka 2018 kulitokea balaa la Winbox, kulikuwa na tundu kwenye RouterOS, mfumo unaoendesha rauta zao, lililomruhusu mtu wa nje kuchomoa nywila za rauta, MikroTik walitoa marekebisho mwezi wa nne lakini marauta kwa malaki duniani hayakusasishwa, wahuni wakayaingia wakayatumia kuchimba sarafu za kidijitali kupitia brauza za watu. Mle ndani kulikuwa na rauta za mafundi waliokuwa wanajua sana kubonyeza. Ukiiacha Winbox wazi upande wa intaneti, bandari 8291 kila mtu duniani anaigonga, cheti hakikusaidii kitu. Kwahiyo ukichukua MTCNA chukua na tabia ya kusasisha na kufunga milango.

Kinadumu miaka mitatu. Baada ya hapo ndo kuna ngazi za juu, MTCRE ya rauti, MTCWE ya wayalesi na kadhalika, na zote zinakudai MTCNA kwanza.

CCNA

Mfalme wa hivi vyeti, na kiukweli jina lake ndo kubwa kuliko yote. Namba ya mtihani ni 200-301, dola 300 kabla ya kodi ya serikali, dakika 120. Ukipigia dola kwa shilingi 2,500 hiyo ni laki saba na nusu ya kukaa kwenye kiti mara moja. Ukifeli unasubiri siku tano alafu unalipa tena, yote, hakuna cha nusu bei.

Cisco waliufumua mwaka 2020, tarehe 24 Februari. Kabla ya hapo kulikuwa na CCNA za aina aina, ya usalama, ya wayalesi, na kale kadogo ka kuanzia ka CCENT, nyingi zikaunganishwa kuwa moja. Nalisema hili kwa sababu mtaani na kwenye magrupu ya WhatsApp bado zinazunguka PDF na fotokopi za zamani. Ukiona notisi imejaa Frame Relay, RIP na EIGRP jua ni za enzi hizo, mpe mtu afungie maandazi. Ya sasa imegawanyika hivi: misingi ya netiweki asilimia 20, upande wa swichi na waifai 20, rauti na OSPF (rauta kupeana njia zenyewe) 25, huduma kama DHCP, NAT (vifaa vingi kutoka kwa anwani moja) na NTP (saa) 10, usalama 15, na otomesheni 10. Hiyo asilimia 10 ya mwisho ndo watu wanairuka, JSON, API, Ansible na Terraform, wanasema mi sio programa. Usiruke, ni maksi rahisi kwa mtu aliyesoma.

Mtihani wenyewe mkali kwa namna mbili. Moja, ukishajibu swali ukaenda mbele hurudi nyuma, hakuna kusema hili nitalirudia. Mbili, kuna maswali ya kukonfiga kweli kweli, unapewa skrini nyeusi na kazi, tengeneza VLAN (kugawa swichi moja kuwa mitandao tofauti), weka tranki (waya mmoja unaobeba VLAN nyingi), washa OSPF. Aliyesoma kwa kukariri majibu ya dampu, yaani maswali ya mtihani yaliyovuja, anakwama hapo, na Cisco wakikubaini wana haki ya kukufutia cheti. Alama ya kupasi hawaitangazi rasmi, kwahiyo zile namba wanazotajiana watu kwenye magrupu usiziwekee moyo.

Lakini uzuri wake sasa. Mafunzo hayana haja ya kulipia. Cisco Networking Academy wana kozi za bure onlaini za misingi, na Packet Tracer ni bure, unajisajili tu, inakaa kwenye laptopu ya kawaida ya mitumba yenye RAM ya GB 4 bila shida kubwa. Humo unajenga swichi sita na rauta tatu bila kununua hata mita moja ya waya. YouTube imejaa kozi kamili za CCNA bila malipo. Kwa hiyo ile laki saba na nusu unalipia kiti cha mtihani, maarifa unayapata kwa bando lako la usiku.

Na hapo ndipo mimi nasimama tofauti na wengi: kusoma CCNA na kulipia CCNA ni vitu viwili. Kusoma nashauri kila mtu anayetaka netiweki asome, hata kama hatakaa aufanye mtihani. Kulipia lipia pale unapoona kazi inayokitaja.

Network+

Cha CompTIA, taasisi ya Marekani inayotoa vyeti vya TEHAMA, namba ya mtihani wa sasa N10-009, ilitoka Juni 2024. Maswali hayazidi 90, dakika 90, pasi 720 kwenye kipimo kinachoanzia 100 mpaka 900. Bei ya Marekani imevuka dola 350, yaani ni ghali kuliko CCNA, na hili ndo watu hawaamini nikiwaambia. Kingereza chake kirahisi zaidi, hakuna komandi za kampuni fulani, na unaweza kurudi kwenye swali. Kinadumu miaka mitatu na kukiendeleza kuna pointi za kukusanya na ada juu yake.

Kwanini Wamarekani wanakipenda? Kwa sababu moja kubwa ni kwamba Wizara ya Ulinzi ya kwao imeviweka vyeti vya CompTIA kwenye orodha ya vinavyotambuliwa, hivyo maelfu ya kazi za serikali yao na makandarasi wao wanavidai. We huombi kazi kwenye kambi yao. Kwa Arusha, mwenye loji hakijui, mwenye kampuni ya intaneti anakijua ila anajiuliza kwanini hukuchukua CCNA kwa bei ndogo zaidi. Namwona mtu mmoja tu wa kukichukua, anayelenga kazi za msaada wa TEHAMA za kampuni za nje anazofanyia nyumbani, au shirika ambalo limekiandika kwa jina kwenye tangazo. Mtaala wake lakini ni mzuri sana, orodha ya mada wanaitoa bure kwenye tovuti yao, ipakue uitumie kama kipimo cha kujua unachojua na usichojua.

Huawei HCIA-Datacom

Dola 200, dakika 90, pasi 600 kati ya 1000. Mada zinafanana na CCNA kwa sehemu kubwa sana, komandi ndo zinabadilika, kule unaandika show huku unaandika display. Huawei wana mpango wa akademi kwenye vyuo, na wanafunzi waliomo kwenye akademi huwa wanapata vocha za mtihani za bei ya chini au bure kabisa. Kama chuo chako kipo kwenye mpango huo na bado una kitambulisho cha mwanafunzi, chukua, usifikirie mara mbili. Kama hupo, na hulengi kampuni za simu au wakandarasi wao, kiache.

Juniper JNCIA na yenyewe ni dola 200, mafunzo ya bure wanatoa na ukifanya jaribio lao vizuri unapata punguzo kubwa la mtihani. Kizuri, ila huku kumkuta mwenye Juniper ni kazi. Kuna na CCST ya Cisco, kadogo chini ya CCNA, dola 125, dakika 50, kwa mtu aliyemaliza fom six na anataka karatasi la kuanzia. Mi namwambia hiyo 125 aiweke akiba ya CCNA.

Tatizo moja, vyeti vitatu

Ili uone tofauti vizuri tuchukue tatizo la kweli la huku. Loji, wageni 80 usiku mmoja, kila mgeni ana simu na tableti au laptopu, vifaa 160. Rauta inagawa anwani za mtandao wa /24, yaani zinazotumika ni 254, toa moja ya rauta. Wageni wanalala usiku mmoja wanaondoka, wanakuja wengine 80. Aliyefunga aliweka kila kifaa kishikilie anwani yake siku tatu. Usiku wa kwanza 160 zimekwenda, usiku wa pili zinatakiwa 160 nyingine, jumla 320, na zipo 253. Saa mbili usiku wageni wanaanza kulalamika, simu inaona waifai, inaunga, alafu inazunguka tu inasema inatafuta anwani. Meneja anapiga simu kwa kampuni ya intaneti anawaka, kampuni wanapima laini wanakuta iko sawa, ugomvi unaanza.

Mwenye Network+ akifika anaangalia laptopu ya mgeni, anaona anwani inaanza na 169.254, anajua papo hapo kifaa kimeomba anwani kikakosa, kimejipa chenyewe. Kuisha kwa anwani za DHCP kumeandikwa kabisa kwenye mada zao za kutafuta tatizo. Amejua ugonjwa. Sasa arekebishe wapi? Mbele yake kuna Winbox ambayo hajawahi kuiona.

Mwenye CCNA anajua ugonjwa, anajua na dawa za aina mbili, punguza muda wa kushikilia anwani ushuke mpaka masaa machache, au panua mtandao uwe /23 upate anwani 510, na anaenda mbele anajiuliza mbona wageni na kompyuta za mapokezi na kamera wako mtandao mmoja, anataka kuwatenganisha kwa VLAN. Ana akili yote ila naye akifungua MikroTik atahangaika kidogo kutafuta vitu viko wapi, maana huko hakuna skrini ya komandi aliyoizoea.

Mwenye MTCNA anafungua IP, DHCP Server, Leases, anaona orodha ya anwani zilizogawiwa imejaa, anabadilisha muda, anafuta zilizolala, ndani ya robo saa wageni wako Instagram na meneja amempenda. Swali ni je, akiulizwa kwanini asiweke /23 anajua kuipigia hesabu? Na anajua kwamba akibadilisha anwani ya mtandao pale bila mpangilio atakata kamera zote zilizowekewa anwani za mkono? Wengine wanajua. Wengine watabonyeza wakate kamera.

Ndo maana jibu langu kwa mtu wa huku ni kichwa cha CCNA na mikono ya MikroTik. Soma mtaala wa CCNA kwa bure, ukifika mahali sabuneti (kugawa mtandao vipande), VLAN, NAT na rauti huzibahatishi tena, tafuta mkufunzi wa MTCNA, pata cheti, anza kula hela ya loji na gesti, alafu hela hiyo ndo ikulipie mtihani wa CCNA. Kwa mpangilio huu CCNA inakuja ukiwa umeshika vifaa vya kweli na mtihani unakuwa mwepesi zaidi, na haujakopa mtu.

Mazoezi ya MikroTik nayo hayahitaji hela nyingi, wana toleo la CHR, yaani RouterOS ya kuendeshea ndani ya kompyuta yako, unaloliweka kwenye VirtualBox, leseni ya bure inabana spidi ya kutoka kwenye kila kiolesura iwe Mbps 1, kwa kujifunzia inatosha kabisa. Ukipata hela nunua karauta kadogo kama hAP lite, tena usiogope kukanunua kwa mtu, karudishe kwenye mipangilio ya kiwandani na usasishe kabla hujakaunga popote.

Nani achukue nini

Upo chuo bado: angalia akademi ya Huawei au ya Cisco ndani ya chuo chako kabla ya kitu kingine chochote, vocha za wanafunzi ukimaliza chuo zimekwenda. Wanafunzi wanalala kwenye hili jambo kuliko yote.

We ni fundi tayari, unafunga kamera na kukrimpi waya Kijenge au Majengo Moshi: MTCNA moja kwa moja. Mteja unaye, kinachokukwamisha ni kwamba ukishafunga kamera mteja anataka azione akiwa Dar na we unamwita mtu mwingine aje akumalizie. Huyo mtu mwingine anakula nusu ya hela yako.

Unataka ajira ya serikali: diploma au digrii kwanza, matangazo ya Ajira Portal yanaanza na elimu ya darasani, cheti ni nyongeza ya kukutofautisha kwenye usaili. Hapa nyongeza nzuri ni CCNA, maana maswali ya usaili wa netiweki mengi yanatoka kwenye mambo yale yale, tabaka za OSI, sabuneti, swichi na rauta. Hata ukiisoma bila kuifanya inakusaidia siku hiyo.

Unalenga mashirika ya kimataifa yaliyopo Arusha, au benki: CCNA, na ulipie. Hawa wanachuja CV kwa majina ya vyeti kabla mtu hajaisoma, na jina wanalolitafuta unalijua.

Unataka kampuni ya simu au mkandarasi wa faiba: HCIA au CCNA, chochote utakachopata kwa bei nafuu, ila ongeza ujuzi wa kupanda mnara na kuunga faiba maana nafasi za kuingilia nyingi ziko huko nje juani, sio kwenye kiti cha kuzunguka.

Na dada zangu mnaouliza kama hii kazi ni ya wanaume kwa sababu ya kupanda mapaa, nusu ya kazi ya netiweki inafanyika kwenye laptopu ukiwa umekaa, na hata hiyo ya paa mnaipanda tu.

Kuhusu siku ya mtihani

CCNA, Network+, HCIA na JNCIA zote zinapitia Pearson VUE. Kwenye tovuti yao weka Arusha uone kituo kipi kinatoa mtihani wako na tarehe gani, fanya hivyo kabla hujapanga ratiba ya kusoma, maana unaweza kukuta unatakiwa usafiri mpaka Dar au Nairobi, na basi na gesti navyo ni gharama ya cheti. Ukiona mbali kuna kuufanyia nyumbani onlaini. Hapo uwe na chumba peke yako, meza tupu, kamera, laini iliyotulia, na mtu asifungue mlango mpaka umalize, msimamizi anakuona muda wote na hata kusoma swali kwa sauti anakukemea. Mtoto akiingia kuulizia chaja mtihani unaweza kufutwa. Umeme na wenyewe unaujua, laptopu iwe na betri inayofika masaa mawili na ushee, na intaneti ya akiba ya simu iwe karibu na mtu wa nje ya chumba, sio mezani kwako maana simu hairuhusiwi.

Kitambulisho pasipoti ndo haina maswali. Jina ulilojisajili nalo lifanane na la kwenye kitambulisho herufi kwa herufi, hapa ndo vijana wa Moshi wanaumia, mtu kwenye pasipoti ni Godlisten, akaunti ya mtihani kaandika Godi kwa sababu ndo jina la Facebook. Wanakugeuza mlangoni na hela hairudi. Badilisha jina kwenye akaunti kabla ya kulipia, ukishalipa inakuwa barua pepe za kwenda na kurudi na watu wa huduma kwa wateja.